Grafini na bakteria: Swali ambalo maji ya Kendu Bay yanawauliza wanasayansi

KWA zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, ripoti zimekuwa zikitoka katika maabara za Asia, Ulaya na Marekani zikieleza kwamba karatasi nyembamba mno za kaboni, ziitwazo grafini, zina uwezo wa kuua bakteria. Habari hizo zimezaa machujio ya maji, barakoa na hata rangi za kupaka kuta, na karibu kila bidhaa hutangazwa kwa ahadi ile ile: kwamba bakteria akiigusa, hufa.

Kwa mkazi wa Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, ahadi ya aina hiyo si ya kupuuzwa. Mji huo uko ukingoni mwa Ghuba ya Winam, na wapo wakazi wa ufuo huo ambao maji yao ya kunywa hutoka ziwani moja kwa moja, yakichotwa kwa jerikani au kuletwa mlangoni kwa mgongo wa punda. Kipindupindu wanakijua kwa jina na kwa makaburi.

Hata hivyo, anayezisoma ripoti hizo moja baada ya nyingine hugundua kwamba wanasayansi wenyewe hawasemi kitu kimoja. Wapo walioona grafini ikiua bakteria kwa wingi. Wapo pia walioona bakteria wale wale wakinawiri juu yake mithili ya ukungu juu ya ugali uliolala. Sababu ya tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kile kilichokuwemo ndani ya maji wakati wa jaribio. Na hapo ndipo Kendu Bay inapoingia katika mjadala.

Penseli na utepe wa gundi

Grafini ni kaboni tupu. Kiini cheusi cha penseli hutengenezwa kwa grafiti, madini ambayo ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. Tabaka moja likitengwa na mengine, unene wake ukiwa ni wa atomu moja tu, hilo ndilo grafini.

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba wamefaulu kulitenga tabaka hilo. Chombo chao kikuu kilikuwa utepe wa gundi wa kawaida, ule wa kufungia bahasha, waliokuwa wakiubandika juu ya grafiti na kuubandua tena na tena. Mnamo 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Ili kuelewa udogo wa kitu hiki, inafaa kukilinganisha na kiumbe kinachodaiwa kukiogopa. Bakteria aitwaye Escherichia coli, anayeishi matumboni mwa watu na wanyama, ana urefu wa takriban nanomita 2,000. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa grafini ni kama theluthi moja ya nanomita. Kama grafini ingekuwa na unene wa ukurasa wa gazeti, basi bakteria huyo angekuwa na urefu wa karibu sentimita 40.

Grafini tupu haipatani na maji. Hujikusanya na kushikamana. Kwa sababu hiyo, watafiti wengi hutumia ndugu yake, oksidi ya grafini, ambayo hupatikana kwa kuichakata grafiti kwa asidi kali na kemikali nyingine za kuiunguza polepole. Hiyo huchanganyika na maji vizuri. Jambo la asidi linafaa kuwekwa akilini, kwani litarudi.

Namna bakteria anavyouawa

Mwaka 2010 watafiti wa Shanghai, China, walitengeneza karatasi ya oksidi ya grafini na kueleza kwamba E. coli hawakuweza kukua juu yake. Mwaka huo huo, Omid Akhavan na Elham Ghaderi wa Chuo Kikuu cha Sharif jijini Tehran, Iran, walisimamisha vipande vya grafini wima, kama ukuta wa visu, wakaonyesha kwamba utando unaomzunguka bakteria huharibika akigusana na kingo hizo.

Wairani hao waliona jambo jingine la maana. Bakteria wa jamii ya Staphylococcus, ambao hawana utando wa pili wa nje, waliathirika zaidi kuliko E. coli, ambao wanao. Kijidudu cha kipindupindu, Vibrio cholerae, nacho kina utando wa nje kama E. coli. Kwa lugha nyepesi, adui anayewahusu watu wa ziwani amevaa koti mbili.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Singapore lililinganisha grafiti, oksidi ya grafiti, oksidi ya grafini, na oksidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni. Oksidi ya grafini ndiyo iliyoua zaidi. Walieleza kwamba kazi hiyo hufanyika kwa hatua: kwanza bakteria hunaswa juu ya karatasi, kisha utando wake huvurugwa, na hatimaye kemia ya ndani ya mwili wake huharibiwa kwa kunyang'anywa elektroni, jambo linalofanana na kutu inavyokula chuma.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2013, maelezo mengine yakatolewa na watafiti wa China na Marekani waliotumia kompyuta pamoja na hadubini ya elektroni. Walionyesha kwamba karatasi ya grafini ikijipenyeza kwenye utando wa bakteria, huyavuta mafuta yanayoujenga utando huo hadi yakamwagika juu ya kaboni. Bakteria hubaki na matundu, na uhai humtoka kupitia humo.

Kukata, kufunika, kuunguza, kufyonza mafuta: yote hayo yameshuhudiwa na watu makini. Ila kila moja linadai sharti lile lile, kwamba kaboni na utando wa bakteria vigusane pasipo kitu katikati. Watafiti wa Singapore, kwa mfano, waliwaosha bakteria wao na kuwaweka katika maji ya chumvi safi kabla ya kuwakutanisha na oksidi. Huo ni utaratibu halali wa maabara, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini hakuna mtungi wowote duniani wenye maji ya namna hiyo.

Bakteria wanaponenepa

Mwaka 2011, ule ule wa jaribio la Singapore, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Oscar Ruiz walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Wao waliwaweka E. coli katika mchuzi wa virutubisho wanaolishwa bakteria maabarani, kisha wakatia oksidi ya grafini. Badala ya kufa, bakteria waliongezeka kwa kasi kuliko wale walioachwa bila oksidi. Walijikusanya juu ya vipande vya kaboni, wakajenga humo makazi ya utelezi, yale yanayoonekana ndani ya bomba kuukuu. Chujio lililopakwa oksidi hiyo liliotesha bakteria wengi kuliko chujio tupu.

Iliwachukua wengine miaka mitatu kueleza kilichotokea. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani na China walibaini kwamba protini na vitu vingine vilivyomo ndani ya mchuzi hujibandika juu ya uso wa oksidi ya grafini na kuufunika. Uso ukishafunikwa, kaboni haimgusi bakteria tena. Oksidi ile ile iliyoua katika maji safi ya chumvi iligeuka kuwa rafu tu ya kukalia.

Kisha likaja pigo kutoka nyumbani kwa grafini kwenyewe. Mwaka 2016, watafiti wa Manchester walieleza kwamba oksidi ya grafini ikisuuzwa vyema hadi mabaki ya asidi na kemikali za utengenezaji yakatoka, haiwadhuru bakteria. Kwa maneno mengine, katika baadhi ya majaribio yaliyosifiwa, huenda muuaji hakuwa kaboni. Alikuwa asidi iliyosalia. Watu wa Manchester wangekuwa na kila sababu ya kuitetea grafini, na kwa hiyo ushahidi wao unastahili uzito wa pekee.

Si hayo tu. Wapo bakteria wa jamii ya Shewanella, wakazi wa kawaida wa matope ya majini, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba huitumia oksidi ya grafini katika kupumua kwao, wakiichukulia oksijeni yake kama sisi tunavyoichukua ya hewa. Kwa viumbe hao, kile kinachouzwa kama sumu ni pumzi.

Maji ya ghuba

Ghuba ya Winam ni kina kifupi, na sehemu kubwa yake haizidi mita chache kwenda chini. Imeungana na Ziwa Viktoria kwa mlango mwembamba karibu na Kisiwa cha Rusinga. Mito inayoteremka kutoka nyanda za juu, Awach Kibuon na Awach Tende ikiwa miongoni mwayo, huleta udongo kila msimu wa mvua, na upepo wa mchana huyavuruga matope ya chini hadi maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Juu ya udongo huo kuna mimea na vijimea. Magugumaji yamekuwa yakiingia na kutoka ghubani tangu miaka ya tisini, na yakioza huacha uozo mwingi majini. Kuna pia vijidudu vya rangi ya kijani na buluu ambavyo hustawi pale mbolea na maji taka vinapoingia ziwani. Kilomita chache kutoka mjini Kendu Bay liko Ziwa Simbi, lile la shimo la volkeno ambalo simulizi za Waluo husema lilimeza kijiji kizima. Maji yake ya magadi yamejaa viumbe wa jamii hiyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta humo sumu wanazozitoa.

Yeyote aliyefuata maelezo ya majaribio ya hapo juu ataona tatizo lilipo. Maji ya ghuba si ya chumvi, na hilo ni heri kwa oksidi ya grafini, ambayo huganda na kuzama upesi katika maji yenye chumvi nyingi. Lakini kwa wingi wa udongo, uozo na protini, maji hayo yanakaribiana na ule mchuzi wa Ruiz kuliko maji yaliyooshwa ya Singapore. Vitu vinavyoifunika kaboni vimo humo tele. Chujio linaloua bakteria kwa kugusana nao, likiwekwa katika maji kama hayo bila kuyasafisha kwanza, lina kila dalili ya kuchoka mapema, na baada ya kuchoka huenda likageuka kuwa kitalu cha bakteria.

Gharama ya kukosea

Hili lingekuwa suala la wasomi peke yao kama pasingekuwa na hesabu ya vifo. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza wa wakati huo ziliwapokea wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na watu 547 wakafa. Wachunguzi waliofuatilia mkurupuko huo waligundua kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa maji ya Ziwa Viktoria au ya vijito, waliokula chakula pamoja na mtu mwenye kuhara, na waliohudhuria karamu za matanga.

Mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoivuruga huduma ya afya, ugonjwa ulirejea magharibi mwa Kenya. Takwimu rasmi zilionyesha kuwa karibu wagonjwa sita katika kila mia walifariki. Watafiti walipopita vijijini wakiwatafuta wagonjwa ambao hawakuandikwa popote, kiwango hicho kilipanda hadi zaidi ya 11 kwa mia. Uchunguzi mwingine wa takwimu za Nyanza za miaka 1994 hadi 2008 ulionyesha kwamba miaka ambayo magugumaji yalitanda kwa wingi ndiyo pia iliyokuwa na wagonjwa wengi wa kipindupindu. Na bado: Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mkurupuko katika kaunti za Migori, Kisumu na Nairobi.

Familia inayoamini kwamba chujio lake linaua vijidudu huacha kuchemsha maji. Huacha pia kutia dawa. Chujio likiwa limekufa bila mwenyewe kujua, familia hiyo iko katika hatari kubwa kuliko jirani asiye na chujio lolote, kwa kuwa jirani angalau anaogopa.

Somo la mitungi ya Homa Bay

Eneo hili limewahi kufundisha ulimwengu jambo kuhusu maji, ingawa si wengi wanaolikumbuka. Mwishoni mwa miaka ya tisini, shirika la CARE Kenya, likishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, lilianzisha Homa Bay mradi wa kutibu maji nyumbani kwa dawa ya klorini iliyopewa jina la Klorin. Dawa ilikuwa ya bei nafuu, na ilipaswa kufanya kazi.

Kikwazo kilikuwa chombo. Wataalamu walitaka watu watumie vyombo vya plastiki vyenye mdomo mwembamba, lakini wake wa nyumba walipenda dapi, mtungi wa udongo, kwa kuwa hupoza maji, na maji ya joto hakuna anayeyafurahia katika jua la ziwani. Mdomo mpana wa mtungi huo hukaribisha vikombe na mikono, na mikono huleta vijidudu. Badala ya kubishana na wenyeji, mradi uliwaomba wanawake wafinyanzi watengeneze mtungi wenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la afya ya jamii la Marekani. Dawa yenyewe, kwa jina la WaterGuard, ilianza kuuzwa nchini kote mwaka 2003.

Klorini nayo haikusamehewa na maji ya huku. Uozo na udongo huila kabla haijawafikia bakteria, na ladha yake huwachukiza wengi. Ndiyo sababu jaribio kubwa lililofanyika magharibi mwa Kenya katika maboma 605, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la madaktari wa Uingereza, liliipima pia dawa ya unga inayogandisha tope kwanza na kuua vijidudu baadaye. Nyumba zilizotumia unga huo na zile zilizotumia klorini peke yake zote zilipata kuhara kuchache kuliko nyumba zilizoachwa na desturi zao.

Kuna tofauti moja hapa isiyopewa uzito katika matangazo ya bidhaa mpya. Klorini hubaki ndani ya maji, na mama wa nyumba anaweza kuinusa. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuipima kwa kidonge cha rangi, papo hapo, chini ya mwembe. Chujio la grafini halina harufu wala rangi ya kuonyesha kwamba limeacha kufanya kazi.

Mchanga wa Arusha

Haimaanishi kwamba vitu vidogo mno havina nafasi katika maji ya Afrika Mashariki. Mtanzania Askwar Hilonga, mtaalamu wa kemia kutoka Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe za kiwango cha nanomita, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza.

Chujio hilo si la grafini, lakini fikra yake inafaa kuigwa. Hilonga alianza na maji. Maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanzania yana madini ya floridi yanayoharibu meno na mifupa, mahali pengine shida ni vijidudu, kwingine ni metali. Mchanga hufanya kazi ya kuondoa tope na vijidudu, na chembe huchaguliwa kulingana na kile kinachowasumbua watu wa mahali husika.

Hata kwa upande wa grafini, kazi yenye matumaini zaidi huenda ni ile isiyojaribu kuua kwa kugusa. Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, Marekani, kimetengeneza tando za kuchujia kwa njia ya kufurahisha: bakteria wasiodhuru wanaosuka nyuzi za selulosi huchanganywa na oksidi ya grafini, wakaisuka ndani ya nguo yao wenyewe. Utando huo una vitundu vidogo kuliko bakteria, hivyo humzuia kupita awe hai au mfu. Kazi ya kaboni hapo ni kunasa mwanga na kupata joto, ili wale wanaojaribu kujenga makazi juu ya utando waunguzwe. Jua, angalau, Kendu Bay inalo. Kinachobaki ni tope, ambalo huziba vitundu vya kila chujio la aina hiyo pasipo kujali limetengenezwa na nani.

Maswali kabla ya kulipa

Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa na utaratibu wa kupima vifaa vya kutibu maji nyumbani tangu mwaka 2014. Uzuri wake ni kwamba kifaa hupimwa kwa maji ya aina mbili: yaliyo safi kiasi, na yaliyochafuliwa kwa makusudi kwa tope na uozo. Kifaa cha nyota tatu hupaswa kupunguza bakteria hadi abaki mmoja kati ya kila 10,000. Cha nyota mbili huruhusiwa kumbakisha mmoja kati ya 100.

Tarakimu hizo ni muhimu kwa mnunuzi, maana "asilimia 99" inayoandikwa kwenye maboksi kwa herufi kubwa husikika kama ushindi mkamilifu. Lita yenye bakteria milioni moja ikipitia chujio la asilimia 99, hutoka na bakteria 10,000. Mwongozo wa WHO kuhusu maji ya kunywa unataka E. coli asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Suala la usalama wa kaboni yenyewe pia lipo. Aprili 2021, mamlaka ya afya ya Canada iliwatahadharisha wananchi dhidi ya barakoa zenye grafini kwa hofu kwamba mtumiaji angevuta vipande vyake mapafuni. Julai mwaka huo, baada ya kupokea takwimu za watengenezaji, iliruhusu baadhi ya aina kurudi sokoni. Funzo la tukio hilo kwa wanunuzi wa machujio ni rahisi: mtengenezaji alitakiwa aonyeshe ni kiasi gani cha kaboni kinachobanduka. Anayeuza chujio la maji anaweza kutakiwa vivyo hivyo, kwani kinachobanduka ndani ya chujio huishia tumboni.

Kwa hiyo, iwapo mfanyabiashara, mfadhili au mwanasiasa atafika ufuoni mwa Kendu Bay na machujio ya grafini, serikali ya kaunti haina haja ya kuyakataa wala kuyashangilia. Ina haja ya kuyapima, na wapimaji hawako mbali. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo Kisumu, ng'ambo ya ghuba. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iko huko huko na imekuwa ikipambana na kipindupindu kwa miongo kadhaa. Vyuo vikuu vya Maseno na Tom Mboya vina wanafunzi wa sayansi wanaotafuta mada za utafiti.

Maji ya jaribio yachotwe pale pale wachuuzi wanapochota, na yachotwe mara mbili: wakati wa kiangazi, na tena kati ya Machi na Mei, mito inapoleta udongo. Yasisafishwe kabla ya kumiminwa. Chujio lipimwe siku ya kwanza, kisha baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi mitatu ya kutumika katika nyumba yenye watoto, pamoja na kuukwangua uso wake ili ijulikane ni nani wanaoishi juu yake. Pembeni liwekwe chujio la mchanga mtupu, na mtungi wa udongo wenye bomba uliotiwa klorini, vyote vikinywa maji yale yale.